Marafiki sita, kilomita 115 hadi Santiago: mjipange vipi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni marafiki sita, mdogo wetu ana miaka 31 na mkubwa wetu 57. Tunataka kutembea kwa miguu njia ya hija ya Mtakatifu Yakobo nchini Hispania, mwezi wa Septemba. Tuna siku 12 tu, safari ya ndege ikiwa ndani yake. Wawili ni watu wa mazoezi, wanne tunashinda tumekaa ofisini. Tuanzie wapi, tujipange vipi, na tufanyeje ili turudi tukiwa bado marafiki?

Jibu: Kwa siku 12 anzieni Sarria, mji mdogo wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Kutoka hapo hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela, mwisho wa hija, ni kama kilomita 115, na cheti cha hija, yaani compostela, hutolewa kwa aliyetembea walau kilomita 100 akaishia Santiago. Njia nzima ya Kifaransa, ambayo Sarria ni kituo chake kimoja, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa, ina kama kilomita 780 na huchukua siku 30 hadi 35, hivyo hiyo iacheni kwa mwaka mwingine. Msishawishike pia kuonja siku yake ya kwanza kisha mrukie Sarria kwa treni. Siku hiyo ni kilomita 25, na mnapanda kutoka mita 170 hivi hadi zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wanne wenu wangemaliza magoti kabla hija haijaanza.

Kinacholivunja kundi la watu sita ni mwendo, wala si umbali. Mtu wa mazoezi huenda kilomita 5 kwa saa bila kujishughulisha. Aliyezoea kiti huenda tatu na nusu, hasa kwenye vilima. Katika siku ya kilomita 25 wa kwanza anamaliza kwa saa tano, wa pili kwa saa saba. Mkilazimishana kwenda bega kwa bega, wa nyuma ataharakisha kuliko mguu wake unavyoweza, na siku ya tatu mfupa wa ugoko utaanza kumuuma. Wa mbele naye atakuwa anasimama kila baada ya dakika kumi, misuli inapoa, moyo unaingia uchungu. Wote wawili watafika wamechoka, na kila mmoja ataamini ni yeye aliyejitolea kwa ajili ya mwenzake. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Kwa hiyo msitembee kama msafara. Tembeeni wawili wawili, wenza wakibadilishana kila siku, na mpange pa kukutania: mkahawa wa kwanza baada ya kilomita 8 hadi 10, mahali pa chakula cha mchana, kisha mlango wa mji mtakaolala. Anayefika mapema anasubiri hapo, haendelei. Wawili wa mwisho wasiachane hata kidogo, na wao ndio wabebe mfuko wa dawa. Makundi mengi humpa mfuko huo mtu mwenye nguvu, naye yuko kilomita 3 mbele wakati plasta inahitajika nyuma.

Kujuana mko wapi ni rahisi huko Galicia. Kando ya njia kuna nguzo fupi za mawe zenye alama ya kombe la baharini, la manjano juu ya buluu, mshale wa manjano, na kibao cha umbali uliobaki hadi Santiago, kimeandikwa hadi mita. Baadhi ya vibao vimeng'olewa, lakini vilivyobaki vinatosha. Mtu akituma ujumbe wa namba tu, "61", wenzake wote wanajua yuko wapi bila kupiga simu. Mahali njia inapogawanyika, aliyetangulia asimame mpaka aliye nyuma yake amwone. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na namba ya dharura ni 112.

Wengi huigawa safari hii katika siku tano. Ninyi ifanyeni sita. Sarria hadi Portomarín ni kilomita 22, Portomarín hadi Palas de Rei 25, Palas hadi Melide 15, Melide hadi Arzúa 14, Arzúa hadi O Pedrouzo 19, na O Pedrouzo hadi Santiago 20. Nimeikata vipande viwili siku ya Palas hadi Arzúa, ambayo wenye haraka huimaliza yote 29 kwa mkupuo mmoja. Siku hiyo ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu inakuja ya tatu, miguu ikiwa imeshachubuka lakini bado haijawa sugu, na sehemu ya Melide hadi Arzúa ni kushuka na kupanda vijito kimoja baada ya kingine.

Siku ya kwanza ina mtego mwishoni. Mteremko wa kuingia Portomarín ni mkali, kisha mnavuka daraja refu juu ya mto Miño na kukutana na ngazi za mawe. Mji wa zamani umefunikwa na maji ya bwawa la Belesar, lililojengwa miaka ya 1960. Kanisa lake lilibomolewa jiwe kwa jiwe likajengwa upya juu ya kilima, ndiyo maana mnalazimika kupanda. Kwenye mteremko huo fupisheni hatua, kunja goti kidogo, na fimbo za kutembelea ziwe ndefu kidogo kuliko za tambarare. Asubuhi ya pili mnaanza na mlima papo hapo, na mkahawa wa kwanza wa kutegemewa uko Gonzar, kama kilomita 8 mbele. Kuleni kabla ya kutoka.

Septemba jua la Galicia huchomoza karibu saa mbili asubuhi. Mkitoka saa moja na nusu na tochi moja ya kichwani kwa kila wawili, inatosha. Kutoka saa kumi na moja gizani hakuna faida kwa mtu mwenye kitanda cha uhakika, na mishale mingi hupitwa hapo.

Hilo la kitanda cha uhakika ndilo la pili kwa uzito. Hosteli za serikali ya Galicia ni nafuu, karibu Euro 10 kwa usiku, lakini hazipokei nafasi za kuwekwa mapema. Zinafunguliwa saa saba mchana, na kila mhujaji anajiandikisha mwenyewe kwa pasi ya kusafiria na kitabu chake cha mihuri anachogongesha njiani. Huwezi kumshikia mwenzako kitanda. Kwa kundi lenye wanaotembea kwa saa tano na wanaotembea kwa saa saba, maana yake ni kwamba wanne watapata na wawili watakosa, na watakaokosa ni wale waliochoka zaidi. Tena jikoni kwa hosteli hizo mara nyingi kuna jiko lakini hakuna sufuria, na hazipokei mabegi yaliyotangulizwa kwa gari.

Wekeni nafasi kwenye hosteli za watu binafsi, usiku zote, kabla ya kuondoka nyumbani. Kitanda bwenini ni takriban Euro 15 hadi 20, na nyingi zina vyumba vya watu wanne au sita mnavyoweza kuchukua peke yenu. Septemba njia hii imejaa: mwaka 2024 compostela zilizotolewa zilikaribia nusu milioni, na Sarria ndiko wanakoanzia wengi kuliko mji mwingine wowote. Kama Septemba yenu ni ya 2027, anzeni kutafuta vitanda miezi mingi kabla. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, Julai 25, itaangukia Jumapili mwaka huo, na hapo ndipo unapokuwa Mwaka Mtakatifu wa Santiago.

Vitanda vya ghorofa mvigawe kwa haja, si kwa kuwahi. Vya chini ni vya wenye magoti mabovu na wanaoamka usiku kwenda haja ndogo. Taa huzimwa saa nne usiku. Fungasheni mizigo jioni, maana mfuko wa plastiki ukianza kuchakarika alfajiri bweni zima linaamka. Vizibo vya masikio ni lazima, na kabla ya kutandika angalieni mishono ya godoro na nyufa za mbao: vidoa vidogo vyeusi vilivyopangana ni kunguni. Ombeni kubadilishiwa kitanda kabla hamjaweka chochote juu yake.

Kuhusu mzigo, shanta lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, bila kuhesabu maji. Mwenye kilo 65 abebe kilo sita na nusu, basi. Shanta la lita 30 hadi 36 linatosha: nguo za kuvaa na jozi moja ya kubadilisha, soksi tatu, fulana moja ya joto, koti la mvua, ndala, taulo jepesi, mfuko mwembamba wa kulalia, chupa za maji za lita moja na nusu kwa jumla. Galicia hunyesha mwezi wowote, hivyo kila kitu kikae ndani ya mfuko wa plastiki mnene ndani ya shanta; kifuniko cha nje peke yake huvuja mgongoni. Faida ya kwenda sita ni kugawana: dawa za kundi moja, sabuni ya kufulia moja, sindano na uzi mmoja, chaja mbili. Nguo za watu sita zinaingia mashine moja au mbili za kufulia, na mnachangia sarafu.

Mwenye mgongo au goti baya atumie huduma ya kusafirishiwa begi. Posta ya Hispania, Correos, na kampuni nyingine hufanya hivyo kwa Euro chache kwa kila kituo, kikomo cha Correos kikiwa kilo 15. Asubuhi unaliacha begi mapokezi likiwa na bahasha yenye jina la hosteli inayofuata. Wawili wanaweza kuchangia begi moja na kubeba vibegi vya maji na chakula tu. Msimcheke anayetumia huduma hii. Cheti hakimdai mtu begi, kinamdai kilomita.

Viatu visiwe vipya. Kwa Sarria mwezi wa Septemba viatu vyepesi vya njia za shambani ni bora kuliko buti nzito, kwa sababu mtakanyaga vumbi, mawe, tope na lami nyingi. Chukueni namba inayozidi ya kawaida kwa nusu hadi moja: mguu huvimba ukitembea, na kucha ikigonga mbele kwenye miteremko huwa nyeusi kisha ikang'oka.

Sasa malengelenge, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo yanayomaliza safari za watu wengi. Lengelenge linataka vitu vitatu kwa pamoja: joto, unyevu na msuguano. Kabla halijatokea, utasikia sehemu moja ya kisigino au chini ya kidole gumba inawaka. Simama pale pale, usingoje mkahawa. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, acha mguu ukauke dakika tano. Kata kipande cha plasta ya utepe, zungushia mkasi kwenye pembe zake ili zisikunjuke, kibandike kikiwa hakina mkunjo hata mmoja, kikianzia chini ya unyayo na kupanda ubavuni. Vaa soksi kavu. Zile zilizolowa jasho zitundike nje ya shanta kwa pini.

Lengelenge likishajaa maji, kama ni dogo na haliumi, usilitoboe, lifunike tu. Kama ni kubwa na linakuzuia kukanyaga, subiri jioni: nawa mikono, safisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, sindano nayo ipitie dawa hiyo hiyo, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, upande wa chini, kisha kamua taratibu kwa shashi. Ngozi ya juu usiikate, ndiyo bendeji yako bora. Njiani mtakutana na watu wanaopitisha uzi ndani ya lengelenge na kuuacha humo ili maji yaendelee kutoka. Msiwaige: uzi huo ni daraja la vijidudu kuingia ndani. Plasta nene za jeli ni nzuri kwenye ngozi ambayo haijatobolewa, lakini mkiibandua mapema inaondoka na ngozi, hivyo iacheni mpaka idondoke yenyewe. Wekundu unaosambaa, joto, usaha, mstari mwekundu unaopanda mguuni au homa, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asitoboe kabisa.

Katika kundi la marafiki, tatizo la malengelenge ni la aibu kuliko la ngozi. Mtu anahisi kuwaka kwenye kilomita ya 6, anaona wenzake wanacheka na kupiga hatua, ananyamaza asiwacheleweshe. Kwenye kilomita ya 14 anachechemea. Ndiyo maana nashauri kituo cha lazima: baada ya saa ya kwanza ya kutembea, kila siku, wote mnavua viatu, hata ambaye haumwi. Rudieni mahali pa mkahawa na pa chakula cha mchana. Kikiwa cha wote, hakuna anayeona haya.

Maumivu ya ugoko ni jambo jingine. Hutokana na kushuka kwa haraka kwenye lami, au kamba za kiatu zilizokazwa mno juu ya kifundo. Legeza tundu la mwisho la kamba, fupisha hatua, weka barafu jioni dakika 15 juu ya kitambaa. Maumivu yakiendelea hata ukiwa umelala, kesho yake usitembee.

Hapo linakuja swali mnalopaswa kulijibu mkiwa bado nyumbani: mmoja akipanda teksi, itakuwaje? Kila mtu ana kitabu chake cha mihuri, ambacho Wahispania wanakiita credencial, na anakigongesha walau mara mbili kwa siku, kwenye hosteli, makanisa au mikahawa, pamoja na tarehe. Mkianzia Sarria mna ziada ya kilomita 15 tu, hivyo aliyeruka kituo kizima kwa gari yuko hatarini kukosa compostela. Kubalianeni mapema kwamba akikosa cheti bado atangojwa na ataingia Santiago pamoja nanyi. Bila makubaliano hayo mtu hutembelea jeraha kwa kuogopa kuwaharibia wenzake. Mjue pia kwamba compostela hutolewa kwa aliyetembea kwa sababu za dini au za kiroho. Mwenye sababu nyingine hupewa cheti cha aina tofauti.

Mazoezi yaanze wiki 12 kabla. Anzeni na kilomita 5 au 6 mara tatu kwa wiki, ya mwisho wa wiki ikirefuka kidogo kidogo hadi 20 mkiwa na shanta lenye uzito kamili. Zoezi la maana kuliko yote ni siku mbili mfululizo, kilomita 18 leo na 15 kesho, mkiwa sita wote. Siku ya kwanza haiwaambii chochote. Ya pili ndiyo inayoonyesha kiatu gani kinauma, nani ana kasi gani, na nani akiwa na njaa hasemezeki.

Pesa ziwe na mfuko wa pamoja. Vitanda, chakula cha jioni na kufua vilipwe humo. Kahawa, vitafunio na zawadi kila mtu ajitegemee. Euro 35 kwa mtu kwa siku, yaani 210 kwa kundi, ni makadirio ya busara kwa vitu hivyo vitatu. Mhazini awe mmoja, aandike kila usiku, na mfuko ujazwe kila baada ya siku mbili kwa kiwango sawa. Mikahawa mingi ina mlo wa mahujaji wa bei moja, lakini chakula cha jioni mara nyingi hakianzi kabla ya saa moja na nusu, na maduka mengi hufungwa alasiri na Jumapili. Wekeni akiba ya karanga, ndizi na mkate.

Baada ya kula, na si kabla, kaeni dakika kumi: miguu ikoje, kesho tunatoka saa ngapi, tunakutana wapi. Mjadala wa kesho unaofanywa kabla ya chakula huharibika karibu kila mara. Kuhusu umbali, neno la mwisho liwe la mwenye mguu dhaifu kuliko wote. Ulizaneni pia kila mmoja anakwenda kwa ajili gani. Anayekwenda kusali anahitaji walau saa moja ya ukimya asubuhi, na anayekwenda kupiga soga asidhani amenuniwa.

Kama pasi zenu ni za Afrika Mashariki mtahitaji viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, na mtaiomba kwa Hispania kwa kuwa ndiko mtakakokaa siku nyingi, hata mkitua nchi nyingine ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya afya ya angalau Euro 30,000. Kila mtu anaombewa peke yake, na inawezekana watano wakapewa na mmoja akanyimwa. Basi wekeni vitanda vinavyoweza kufutwa bila hasara mpaka viza zote sita zitoke.

Siku ya mwisho kutaneni Monte do Gozo, kama kilomita 5 kabla ya kanisa kuu. Kutoka hapo, na hapo tu, tembeeni wote sita kwa mwendo wa aliye taratibu zaidi. Mashanta hayaruhusiwi ndani ya kanisa, hivyo yaacheni kwanza mnakolala, kisha nendeni ofisi ya mahujaji na vitabu vyenu. Misa ya mahujaji huwa saa sita mchana. Chetezo kikubwa, botafumeiro, hakirushwi kila siku, msikifanye sharti la furaha yenu. Kulala Santiago wekeni usiku mbili badala ya moja, ili atakayelazimika kupumzika siku moja Arzúa aweze kufika kesho yake na akawakuta.